Pikapu za gita: usibadilishe kabla hujapima

Mpwa wangu wa Likoni alinipigia simu likizo ya Disemba. "Mjomba, nina shilingi 20,000. Nataka kubadilisha pikapu zote tatu za gita la baba. Ninunue za kampuni gani?"

Nikamuuliza gita lina ugonjwa gani. Akasema halina sauti nzuri. Nikamuuliza, umelipima? Akanyamaza.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Bendi moja ya hoteli upande wa Diani ilimsikiliza akipiga, ikampenda mkono wake, lakini kiongozi akamwambia gita linavuma kama jenereta, arudi litakapotengenezwa, na asipite mwisho wa Januari. Gita ni la marehemu babake, shemeji yangu, ambaye kwa miaka mingi alipiga chakacha kwenye harusi toka Likoni mpaka Msambweni. Na hizo 20,000 kijana alizikusanya kwa bodaboda, siku kwa siku. Nikamwambia usinunue kitu, panda gari uje nalo Wote.

Ndugu msomaji, nikisema naishi Wote, watu wa nyumbani Mombasa huuliza "wote nani?" Wote ni mji, makao makuu ya kaunti ya Makueni. Ukitoka Mombasa unapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ukifika Emali unaiacha barabara kuu na kuingia ndani. Mimi ni mwalimu huku, na Jumamosi napiga gita la pili na vijana wa benga ya Kikamba. Na nikisema "pikapu" hapa, watu hudhani ninatafuta gari la kubeba maembe. Basi tuelewane mapema: pikapu ninayosema ni kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi za gita la umeme, ndicho kinachosikia.

Kinasikiaje? Ndani yake mna sumaku, na juu ya sumaku imezungushwa waya ya shaba nyembamba kiasi cha unywele, kama milimita 0.06, mizunguko elfu kadhaa. Pikapu ya kawaida ya Fender Stratocaster, gita lililotoka mwaka 1954, huwa na mizunguko karibu 8,000. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, unaitikisa nguvu ya sumaku, na mtikisiko huo unazaa umeme mdogo sana ndani ya waya. Kanuni hiyo aliigundua Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831, zamani kabla ya gita la umeme. Gita la kwanza kuitumia na kuuzwa madukani ni lile la Rickenbacker la mwaka 1932, lililopewa jina la kikaango kwa umbo lake. Miaka si mingi baadaye sauti hiyo ilishafika kwetu. Fundi Konde, mwana wa pwani, anahesabiwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kabisa kulipiga gita la umeme.

Hapo tayari kuna jambo la faida kwa watu wetu. Pikapu haisikii sauti kama maikrofoni, inasikia chuma. Nimeona vijana wengi pwani wamefunga nyuzi za gita kavu, zile za rangi ya dhahabu, kwenye gita la umeme kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani. Nyuzi hizo nene zimezungushiwa shaba, na shaba haivutwi na sumaku. Matokeo yake nyuzi mbili nyembamba, ambazo ni chuma kitupu, zinapiga kelele, na zile nene zinanong'ona. Kijana analaumu pikapu. Nyuzi za shilingi mia chache zingemaliza kesi.

Lazima pia niseme makosa yangu, maana mwenzenu nilitumbukia shimo hilo hilo. Miaka sita iliyopita nilitaka sauti "nzito". Nikasoma sifa za pikapu moja ya koili mbili, sumaku ya seramiki, nguvu nyingi. Nikatoa shilingi 14,000, na kwa kuwa haikuenea kwenye tundu la gita langu, nikachukua patasi nikachimba ubao. Wallahi nilichimba. Jumamosi tukapiga harusi. Benga inataka gita liwe kali na safi, kila noti isimame peke yake, sikiliza kazi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers au za Peter Mwambi na Kyanganga Boys utanielewa. Mimi nikatoa uji. Mpiga besi aliniuliza kama spika imepasuka. Pikapu haikuwa mbovu hata kidogo, kwa mtu wa roki ngumu ni dawa. Ila nilinunua nguvu wakati nilichokosa ni uangavu, na tundu lile mpaka leo liko, nimelifunika kwa plastiki.

Basi tuzitofautishe. Pikapu ya koili moja ina sauti angavu, inayong'ata, na maneno yake yanasikika. Aibu yake ni mvumo, kwa sababu koili ni antena. Umeme wa Kenya hugeuka mara 50 kwa sekunde, na kila taa ya tyubu, kila chaja na kila transfoma iliyo karibu inairushia koili mvumo huo. Mwaka 1955 fundi wa Gibson aitwaye Seth Lover alipata dawa: weka koili mbili bega kwa bega, moja izungushwe kinyume na sumaku yake igeuzwe. Sauti ya uzi inajumlika, mvumo unajifuta. Ndiyo hiyo mafundi wanaiita hambaka. Lakini koili mbili husikia uzi sehemu mbili kwa pamoja na aghalabu hubeba waya nyingi zaidi, kwa hivyo ule ukali wa juu hupungua na sauti hunenepa. Chakacha na benga hupenda koili moja. Dansi la polepole na bango huvumilia zote.

Sumaku nazo zina tabia. Alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma, hutoa sauti laini kidogo, inayoitika mkono: ukipiga pole inapoa, ukikaza inakaza. Seramiki ni rahisi na ina nguvu, na sauti yake huwa ngumu zaidi, ingawa nimesikia za seramiki zilizotengenezwa vizuri zikawashinda wenzao. Gita nyingi za bei nafuu utazijua ukizigeuza pikapu: chini kuna kipande cheusi cha seramiki kilichogandishwa, na vile vijiti sita vya juu ni chuma tu. Za alniko aghalabu vijiti vyenyewe ndiyo sumaku, na chini hakuna kitu kilichobandikwa.

Halafu kuna namba watu wanayoiabudu, ya omu. Mita ikisoma kilo-omu 6 hivi, hiyo ni koili moja ya kawaida. Hambaka za mtindo wa zamani husoma kama 7.5 mpaka 8.5. Ile yangu ya uji ilisoma 16. Namba hiyo inakwambia kwa kukisia wingi wa waya, basi, haikuambii uzuri. Waya nyembamba zaidi huongeza omu bila kuongeza sauti. Muuzaji akikupandishia bei kwa sababu ya omu, mwache.

Turudi kwa mpwa wangu. Alifika Emali jioni, gita mgongoni limefungwa leso ya mamake. Asubuhi tukaenda kwa fundi wa redio hapa sokoni Wote, mzee ninayemwamini kuliko duka lolote. Kijana akamwamkia shikamoo, mzee akaitika, akalipokea gita na kulinusa. "Mwalimu," akaniambia, "hili lina chumvi."

Na kweli. Watu wa bara hawaijui adha hii, na sisi pwani tumeizoea mpaka hatuioni. Upepo wa bahari unabeba chumvi, mikono ina jasho, na gita hulala ukutani karibu na dirisha. Skrubu zilikuwa zimeota kutu, jeki imefanya kijani, voliumu inakwaruza ukiizungusha. Waya ya pikapu yenye unene wa unywele, kijani kikiifikia mahali ilipoungwa, inakatika.

Mzee hakufungua kitu kwanza. Akachomeka kebo kwenye jeki, voliumu akaifungua mwisho, akaweka vijiti vya mita kwenye ncha mbili za kebo, akawa anahamisha swichi. Jifunze jambo hili, mita ya bei ndogo inatosha. Pikapu ya katikati ilisoma 5.7. Nzima. Ya shingoni ilisoma 243. Ya darajani vilevile 243. Kijana akafurahi, akidhani hizo zina nguvu. Mzee akacheka mpaka akakohoa. 243 si pikapu, ni ile voliumu yenyewe, ambayo kwenye gita la aina hii huwa ya kilo-omu 250. Mita imekosa njia ndani ya koili, ikasoma kilichobaki. Yaani koili zote mbili zimekatika.

"Lakini mbona zinalia?" kijana akauliza. Zinalia, ndiyo, kwa sauti nyembamba kama ya redio ndogo ndani ya mkebe, kwa sababu umeme wa noti za juu unaweza kuruka pengo dogo la waya iliyokatika. Noti za chini haziruki. Ndiyo maana alisema tu "halina sauti nzuri", na ndiyo maana mtu anaweza kuishi na pikapu iliyokufa miaka miwili bila kujua.

Na ule mvumo wa jenereta? Mzee alichomeka gita kwenye amplifaya, akamwambia kijana ashike nyuzi. Mvumo haukubadilika. Katika gita zima, ukishika nyuzi mvumo hupungua, kwa kuwa nyuzi zimeungwa na athi kupitia darajani. Usipopungua, waya ya athi imeachia. Tulipofungua kifuniko cha nyuma tukaikuta inaning'inia, imeachana na bati la springi. Lehemu ya dakika moja, na nusu ya kelele ikaondoka. Kelele iliyomnyima kazi Diani! Kama angenunua pikapu tatu mpya akazifunga mwenyewe bila kuugusa waya ule, angelirudi kwa bendi na mvumo wake uleule, na mfuko mtupu.

Kubadilisha kwenyewe si kazi ya ajabu, ni kazi ya utulivu. Legeza nyuzi uzitoe. Tandika kitambaa juu ya gita, maana tone la lehemu halifutiki kwenye rangi. Fungua sahani ya plastiki, igeuze, na kabla hujagusa kitu piga picha kwa simu, mbili tatu, kila waya ionekane imeungwa wapi. Waya ya sauti ya pikapu huenda kwenye swichi, waya ya athi huenda mgongoni mwa voliumu. Chuma cha kulehemu cha wati 30 au 40 kinatosha. Kidogo kuliko hapo kitachelewa kuupasha moto mgongo wa voliumu, na kukaa sana na moto ndiko kunakoua vitu. Pasha kiungo, si lehemu: lehemu iyeyuke kwa joto la kiungo, ing'ae, itulie. Ikikaa kama punje ya mchanga yenye kijivu, haijashika, rudia.

Pikapu ya shingoni tuliitoa, na mzee akaiangalia kwa miwani ya kukuza. Waya ilikuwa imekatika pale mwisho kabisa, inapoungwa na waya nene ya nje. Huo ni mkatiko wa bahati. Alifungua mzunguko mmoja, akakwangua ngozi ya waya kwa ncha ya wembe, akalehemu. Mita ikasoma 5.8. Kijana aliruka. Ile ya darajani haikuwa na bahati hiyo. Kutu ya vijiti ilikuwa imepenya ndani ya koili, na waya kukatika ndani ni sawa na uzi kukatika katikati ya gurudumu. Huzungushwa upya yote au huachwa. Mzee hana mashine hiyo.

Kwa kuwa koili ya shingoni ilikuwa imelegea, mzee akaipa dawa ya nta. Pikapu yenye waya zinazocheza hupiga mluzi ukisogea karibu na amplifaya yenye sauti kubwa, na nta huzigandisha. Ukambani hakuna shida ya nta ya nyuki, asali ya Kitui mnaijua. Alichanganya mafungu manne ya nta ya mishumaa kwa fungu moja ya nyuki, akaiweka kopo ndani ya sufuria ya maji, joto kama digrii 65. Usiweke nta juu ya moto wenyewe, inawaka, na ukizidisha joto plastiki ya pikapu inapinda. Pikapu ikazama kwa robo saa mpaka mapovu yakaisha.

Ilibaki kuchagua pikapu ya darajani, na hapo ndipo mjomba na mpwa walipogombana kidogo. Yeye alitaka ile nene iliyotangazwa kwenye simu yake. Nikamwonyesha tundu langu la patasi. Pale darajani uzi hutikisika kidogo, sauti ni kali na nyembamba, kwa hivyo inafaa pikapu yenye nguvu kidogo zaidi ya zile nyingine, lakini kidogo, vinginevyo ukibadilisha swichi katikati ya wimbo watu wanashtuka. Shingoni uzi hutikisika sana na sauti ni ya mviringo. Zote mbili zinataka kusikilizana. Tukakubaliana koili moja, alniko, kama kilo-omu 6.5. Tulipima kwanza nafasi ya vijiti kutoka wa kwanza hadi wa sita, na urefu wa tundu, kwa kuwa magita ya aina moja kwa sura hutofautiana milimita mbili tatu na pikapu haitaki kulazimishwa. Ikaja na matatu kutoka Nairobi siku ya pili, shilingi 4,500.

Anayenunua hambaka ajue mambo mawili zaidi. Voliumu ya 250 iliyokuja na koili moja itamzima ukali wake, hambaka kwa kawaida hupewa 500. Na waya zake nne zina rangi ambazo kila kampuni imezipanga ilivyotaka: kwa Seymour Duncan nyeusi ndiyo ya sauti, kwa DiMarzio ni nyekundu. Fuata karatasi ya pikapu yako, si ya rafiki yako.

Tulipofunga tulijaribu kabla ya kuweka nyuzi: gita kwenye amplifaya, sauti chini, gonga kila pikapu taratibu kwa bisibisi. Kila swichi ilipohamia, pikapu yake ikaitika. Tukaweka nyuzi, akapiga. Darajani na katikati pamoja zilitoa sauti ya pua, yenye shimo, kama mtu anazungumza ndani ya mtungi. Hiyo maana yake pikapu mbili zinavutana, moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Tukazigeuza waya mbili za ile mpya, ya sauti ikawa ya athi na ya athi ikawa ya sauti, na shimo likajaa.

Mwisho ni urefu, na hili ni bure kabisa. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima nafasi kati ya uzi na pikapu: anza na milimita 2 upande wa uzi mwembamba na 2.5 upande wa mnene, kisha sikiliza. Watu husogeza pikapu juu wakitaka sauti kubwa, sumaku inaukamata uzi, na noti za juu zinayumba kama zimelewa, hazikai kwenye funguo hata ukilifunga gita mara kumi. Pikapu ya shingoni ya shemeji ilikuwa imepandishwa karibu iguse nyuzi. Bila shaka alikuwa akiifukuzia ile sauti iliyokuwa ikimpotea, maskini. Tukaishusha.

Kijana akapiga shingoni peke yake, chakacha, polepole. Mimi nilikuwa nimeisahau sauti ile. Mzee aliacha redio aliyokuwa akiitengeneza akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yale ni ya Tanga. Tukamwambia ni ya Likoni.

Voliumu mpya, jeki mpya na lehemu vilitoka 900, mzee akachukua 1,500. Ukitoa nauli, kijana alirudi Mombasa na elfu kumi na moja na ushei, mfuko wa maembe, na pikapu iliyokufa ya babake ndani ya bahasha. Nilimwambia asiitupe, ipo siku tutampata mwenye mashine ya kuzungusha. Nikampa na sharti: gita lifutwe kwa kitambaa kikavu kila likipigwa, lisilale ukutani, lilale ndani ya mkoba pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Diani alikwenda tarehe 24 Januari. Wamempa Ijumaa na Jumapili. Juzi amenipigia kusema jeki imeanza kukwaruza tena. Nimemwambia aisafishe kwa spiriti na asifungue kitu kingine, mwisho wa mwezi nitakuwa Likoni na mita yangu.